Ukali Usipewe Sifa Isiyo Yake

Kuna hoja iliyoota mizizi Afrika Mashariki, na wanaoisema ni watu wenye nia njema: Waasia wametupita kwa sababu hawabembelezi watoto. Utaisikia kwenye vikao vya wazazi, msikitini na kanisani, na zaidi kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa, ambako msimu wa mitihani ukifika mtu hurusha tena ile picha ya wanafunzi wa Kichina waliojaa darasani huku chupa za dripu zikining'inia juu ya madawati. Picha ni ya kweli. Ilipigwa jimboni Hubei mwaka 2012, wiki chache kabla ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, na waliotundikiwa dripu walikuwa wakiongezewa nguvu ili waendelee kusoma. China kwenyewe ilizua mjadala mkali. Kwetu inatumwa kama somo la malezi, na chini yake mtu anaandika kwamba ndiyo maana wenzetu wanajenga reli za mwendokasi na sisi tunawaachia watoto mpira.

Naipinga hoja hii. Siipingi kwa kuwa nataka mtoto aachwe ajilee mwenyewe. Naipinga kwa kuwa si kweli. Mafanikio ya watoto wengi wa Kiasia yapo, hakuna wa kuyakana. Lakini yaliyoyaleta ni mambo mengine, na ukali umekaa mbele ya mambo hayo na kuchukua sifa yote. Mzazi wa Dodoma au Eldoret anayeuiga ukali peke yake anachukua kilichokuwa na hasara na kuacha kilichokuwa na faida.

Tuanze na mtu aliyeipa hoja hii jina. Januari 2011 gazeti la Wall Street Journal lilitoa sehemu ya kitabu cha Amy Chua, Battle Hymn of the Tiger Mother, chini ya kichwa cha habari kilichodai kuwa mama wa Kichina ni bora kuliko wengine. Wakati wenyewe ulikuwa mwafaka. Mwezi mmoja kabla, matokeo ya mtihani wa kimataifa wa PISA yalikuwa yameonyesha watoto wa Shanghai wakiongoza dunia katika kusoma, hisabati na sayansi, na Wamarekani walikuwa wameingiwa na hofu. Chua, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Yale, akaja na orodha ya mambo ambayo mabinti zake wawili hawakuruhusiwa: kulala kwa rafiki, kuigiza katika tamthilia ya shule, kupata alama yoyote chini ya A, kupiga ala yoyote isipokuwa piano au fidla. Jina la mama chui milia likaenea dunia nzima.

Wanaomnukuu Chua hupenda kisa kimoja. Binti yake mdogo, Lulu, akiwa na umri wa miaka 7 hivi, alishindwa kupiga kipande cha piano cha Jacques Ibert ambamo mkono wa kulia na wa kushoto hufuata midundo tofauti. Mama alimkalisha hapo mpaka usiku, bila kumruhusu kuinuka hata kunywa maji au kwenda msalani, akamtishia kumnyang'anya vitu vyake vya kuchezea. Mwishowe mikono ikaafikiana, mtoto akafurahi, mama akashinda. Hapo wengi hufunga kitabu.

Kitabu hakiishii hapo. Lulu akiwa na miaka 13, familia ikiwa ziarani Moscow, alimlipukia mama yake mgahawani mbele ya watu, akapiga kelele kwamba anaichukia fidla na anayachukia maisha yake, akavunja glasi sakafuni. Chua alikimbia nje hadi uwanja wa Red Square, akarudi, akamwambia binti yake kwamba anaweza kuiacha fidla. Mtoto akachagua tenisi. Hata jalada la kitabu linasema waziwazi kuwa mwandishi alinyenyekezwa na msichana wa miaka 13. Kwa hiyo shahidi mkuu wa upande wa ukali alitoa ushahidi wake, na katika ushahidi huohuo akaeleza jinsi alivyoachana nao. Wanaomtaja kwenye semina za malezi wanapaswa angalau kumfikisha msomaji hadi Moscow.

Lakini mimi nataka kurudi kwenye ile piano, maana kuna jambo pale ambalo linapita bila kuonekana. Nani alikuwa amekaa kando ya mtoto usiku ule? Mama mwenyewe. Chua alihudhuria masomo ya muziki ya mabinti zake na kuandika alichosema mwalimu. Kila siku aliwaandalia maelekezo marefu ya mazoezi, sehemu baada ya sehemu, na alipokuwa kazini aliwaachia kwenye karatasi. Baba wa watoto naye ni profesa wa sheria wa Yale. Babu yao, Leon Chua, ni profesa wa uhandisi wa Berkeley ambaye mwaka 1971 alibuni nadharia ya kifaa cha umeme kinachoitwa memrista. Ondoa makelele yote katika nyumba hiyo, ondoa vitisho na machozi, na bado umebakiwa na maprofesa wawili, piano, walimu wa kulipwa, vitabu, na mtu mzima anayekaa na mtoto saa nyingi kila siku. Nani anaamini kwamba watoto hao wangeanguka darasani kwa kukosa kufokewa?

Watafiti wa Marekani walikwisha kulitazama jambo hili kwa upana. Jennifer Lee na Min Zhou, wanasosholojia wote wawili, walitoa kitabu mwaka 2015 kuhusu mafanikio ya Wamarekani wenye asili ya Asia. Wanarudi kwenye sheria ya uhamiaji ya 1965, ambayo ilifungulia mlango watu wenye taaluma pamoja na jamaa za waliokwishafika. Walioingia kutoka China hawakuwa Wachina wa kawaida. Zaidi ya nusu yao walikuwa na shahada, wakati China kwenyewe wenye shahada walikuwa kama 4 kati ya watu wazima 100, na Marekani kama 28. Waliochujwa namna hiyo wakazaa watoto, watoto wakafaulu, na dunia ikasema ni utamaduni wa Kichina.

Nenda sasa kwa Waasia wengine wa Marekani: Wahmong, Walao na Wakambodia waliofika kama wakimbizi wa vita, wengi wao wakiwa wamesoma kidogo sana au hawakusoma kabisa. Hao nao wanamtaka mtoto amtii mkubwa na wanaiheshimu elimu. Lakini kwa miaka mingi wamekuwa nyuma ya wastani wa Marekani katika kumaliza chuo. Kama ukali wa Kiasia ndio dawa, mbona kwao haukutibu?

Utafiti mwingine unagusa nyumba yenyewe. Su Yeong Kim wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, pamoja na wenzake, walizifuatilia kwa miaka 8 familia 444 za Wamarekani wenye asili ya China na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Walikuta wazazi wa aina nne: wanaounga mkono, wasiobana, wakali tu, na wale wa chui milia wanaochanganya upendo mwingi na ukali mwingi. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wazazi wanaounga mkono, yaani hata picha ya mama wa Kichina tunayoibeba vichwani haiwahusu walio wengi. Na watoto wa kundi hilo ndio waliokuwa na alama bora, huzuni kidogo, na ukaribu zaidi na wazazi wao. Watoto wa chui milia walikuwa chini yao kwa alama na juu yao kwa dalili za sonona.

Kuna kitu kimoja cha Asia ya Mashariki ambacho ningependa tukiige bila kuchelewa. Harold Stevenson na James Stigler, waliolinganisha shule za msingi za Japani, Taiwan, China na Marekani, walieleza katika kitabu chao cha 1992 kwamba mama wa Kimarekani mtoto akishindwa hisabati huwa mwepesi wa kusema hakuzaliwa na kipaji, ilhali mama wa Kijapani au Kichina husema hajajitahidi vya kutosha. Hiyo ni imani nzuri sana. Inampa mtoto nafasi ya kesho. Kwetu tunamwambia mtoto wa darasa la tatu kwamba ana kichwa kigumu, tena mbele ya wenzake, halafu tunashangaa anapoikimbia hesabu. Lakini imani katika juhudi haihitaji fimbo. Mtoto anaweza kuambiwa kwamba ataweza akirudia, na mtu akakaa naye wakati anarudia. Wanaotaka kutuuzia ukali wamezifunga bidhaa hizi mbili katika furushi moja ili tusione kwamba zinauzwa mbalimbali.

Na bei ya ukali inajulikana vizuri kulekule ulikotoka. Korea Kusini, siku ya mtihani wa taifa wa Novemba, ndege hazitui wala kuruka wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, soko la hisa hufunguliwa saa moja baadaye, na polisi wa pikipiki huwabeba wanafunzi waliochelewa. Hayo yanatusisimua. Tunayoyaacha ni kwamba watoto karibu 8 kati ya 10 wa nchi hiyo husoma tuisheni za kulipia, na kwamba jiji la Seoul lililazimika kupiga marufuku vituo vya tuisheni kufundisha baada ya saa 4 usiku, kisha serikali ikawa inawalipa raia wanaotoa taarifa za wanaovunja amri hiyo. Kujiua kumekuwa sababu ya kwanza ya vifo vya vijana wa Korea Kusini kwa miaka mingi. Nchi iliyofikia mahali pa kulipa watoa taarifa ili watoto wakalale haituambii tuige. Inatuambia ilivyoshindwa kujizuia.

India kuna mji wa Kota, jimboni Rajasthan, ambao uchumi wake unaendeshwa na vituo vya kuwaandaa watoto kwa mitihani ya kuingia vyuo vya uhandisi na udaktari. Watoto wa miaka 15, 16, 17 hupelekwa huko kutoka vijiji vya mbali, hupangishiwa chumba, na kila jaribio wanalofanya hupangwa kwa nafasi. Mwaka 2023 wanafunzi zaidi ya 20 walijiua mjini humo. Agosti ya mwaka huo wakuu wa wilaya waliamuru hosteli zifunge feni za darini zenye springi, ili zisiweze kutumika kujiua. Nimeitafakari amri hiyo mara nyingi. Kila mmoja wa watoto hao alikuwa na mzazi aliyekopa fedha, aliyeuza ardhi pengine, na aliyempenda. Walichokosa si upendo. Walikosa mtu wa kumwambia kwamba hawataki, na kusikilizwa.

Serikali za Asia zimeona. Julai 2021 China ilipiga marufuku biashara ya tuisheni za masomo makuu kwa watoto wa elimu ya lazima. Singapore iliacha kuandika nafasi ya mtoto darasani kwenye ripoti kuanzia 2019, ikafuta hatua kwa hatua mitihani ya katikati ya mwaka, na wakati mageuzi hayo yakiendelea matokeo ya PISA ya 2022 yakaiweka ya kwanza duniani katika masomo yote matatu. Tanzania nayo, Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Nakumbuka malalamiko ya wazazi wakati ule, kana kwamba watoto wamenyang'anywa kitu. Watu wazima ndio walionyang'anywa.

Sasa nifike kwenye hoja nzito ya upande wa pili, maana ipo. Wanasema: kumwachia mtoto afuate anachokipenda ni anasa ya matajiri. Mtoto wa profesa akishindwa muziki atarudi nyumbani kwa baba. Mtoto wa muuza mitumba akishindwa anarudi kwenye umaskini. Afadhali alazimishwe mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, awe daktari, akipenda kuchora atachora akishastaafu. Na msemo upo tayari: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mwenye kusema hivi anastahili jibu la heshima, kwa sababu anazungumza kutokana na njaa anayoijua. Jibu langu ni hesabu. Mtihani wa India wa kuingia udaktari hufanywa na vijana zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, kugombea nafasi zaidi kidogo ya 100,000, na za serikali zenye ada nafuu ni kama nusu tu. Vyuo maarufu vya teknolojia vya IIT vina nafasi kama 18,000 kwa watahiniwa zaidi ya milioni 1. Katika foleni ya namna hiyo, mzazi anayemsukuma mtoto asiyeipenda biolojia anampeleka kushindana na watoto wanaoipenda, wanaoisoma hata wasipoambiwa. Anamtoa mtoto maskini mahali ambapo angekuwa na nguvu na kumweka mahali ambapo ana udhaifu, halafu anauita mpango huo usalama. Hiyo ni kamari, tena ya kuweka nyumba nzima rehani. Na cheti chenyewe hakina dhamana ya zamani: Juni 2023 ukosefu wa ajira mijini China kwa vijana wa miaka 16 hadi 24 ulifika asilimia 21.3, serikali ikasitisha kwa muda kutangaza takwimu hizo.

Ule msemo nao usitumiwe vibaya. Mwana anayelia kwa sababu amekatazwa wizi, uongo na uvivu, acha alie. Hausemi popote kwamba mzazi amchagulie mwanawe kazi ya miaka arobaini.

Ngoja nimlete kijana mmoja wa Korea hiyohiyo. June Huh alizaliwa California mwaka 1983, akakulia Seoul. Baba yake, mwalimu wa takwimu chuo kikuu, alijaribu kumfundisha hesabu kwa kitabu cha mazoezi: kila siku maswali kadhaa. Mtoto akawa ananakili majibu ya nyuma ya kitabu. Baba akagundua, akazichana kurasa za majibu. Mtoto akaenda duka la vitabu la mtaani, akakuta kitabu hicho rafuni, akanakili majibu palepale dukani. Baba akakata tamaa ya kumfundisha. Baadaye kijana aliacha sekondari ili awe mshairi. Aliingia chuo kikuu cha taifa cha Seoul kusoma fizikia na astronomia, akasuasua, akachukua miaka 6 kumaliza shahada ya kwanza akiwaza kuwa mwandishi wa habari za sayansi. Mwaka wa mwisho alihudhuria kozi ya Heisuke Hironaka, mwanahisabati mashuhuri wa Kijapani, akitumaini kumhoji siku moja. Wakawa wanakula chakula cha mchana pamoja, mzee akimweleza hisabati. Mwaka 2022 June Huh alipewa nishani ya Fields, heshima kubwa kabisa ya hisabati duniani.

Najua atakayesema kwamba huyo ni mmoja kati ya mamilioni. Ni kweli, na wazazi wake ni maprofesa, nami siwezi kuwakemea wengine kwa kusahau jambo hilo kisha nikalisahau mwenyewe. Ninachochukua kwake ni kidogo zaidi: baba aliyejaribu kulazimisha hisabati alipata mwizi wa majibu, na mzee aliyekaa kula na kuzungumza na kijana mwenye shauku alipata mwanahisabati. Kijana ni yuleyule mmoja.

Kwetu yupo M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 katika jamii ya Wahindi wa Afrika Mashariki na kukulia Dar es Salaam. Alifika MIT, akapata udaktari wa fizikia ya nyuklia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akafanya kazi ya fizikia Kanada, na huko akaanza kuandika. Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack, ilitoka 1989, na mwaka 1994 alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo ya Giller. Fizikia haikupotea bure, wala riwaya haikumharibia maisha. Mtu hubadilika, na mzazi wa mtoto wa miaka 14 hana njia ya kujua atabadilika kwenda wapi.

Kufuata anachokipenda mtoto si kumkabidhi simu na kumwacha sebuleni, na wanaoutetea uhuru wa mtoto kwa namna hiyo wananiudhi kuliko wenye fimbo. Anayependa mpira aamke alfajiri kwa mazoezi. Anayependa kushona amalize gauni alilolianza, hata mikono ikiuma. Hisabati na lugha asome, apende asipende, kwa sababu bila hizo hatakuwa na cha kuchagua. Mzazi wa namna hii anafanya kazi kubwa kuliko mkali, maana fimbo inachukua dakika moja na kumsikiliza mtoto kunachukua jioni nzima.

Na nafasi ya kufanya hivyo imeanza kufunguka. Mtaala wa umilisi wa Kenya umeweka njia tatu katika sekondari ya juu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Tanzania, kwa sera ya elimu toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari. Shida ni kwamba wazazi wengi wanaiona sanaa au amali kama jaa la walioshindwa, na wanamchagulia mtoto sayansi kabla hajaulizwa, wakiamini ndivyo mama wa Shanghai angefanya. Mtoto wako akifika hatua hiyo, mdai sababu. Zikiwa dhaifu, mbishie. Mtafutie fundi, mwanamuziki, muuguzi au mhandisi azungumze naye kuhusu kazi hiyo ilivyo siku za kawaida, mshahara wake ukiwemo. Akishasikia yote hayo na bado akasimamia chaguo lake, usiende ofisini kwa mwalimu mkuu kulibadilisha.